Eleanor Maguire

Eleanor Anne Maguire (27 Machi 1970 – 4 Januari 2025) alikuwa mwanasayansi wa ubongo kutoka Eire na profesa katika University College London (UCL), Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya madereva wa teksi wa London, ulioonyesha kwamba ubongo wa mtu mzima unaweza kubadilika kwa kujifunza.

Alizaliwa Dublin, akasoma saikolojia katika University College Dublin na kupata huko shahada ya uzamivu mwaka 1994. Baadaye alihamia London, alikofanya kazi maisha yake yote.

Utafiti

Maguire alichunguza hipokampasi, sehemu ndogo iliyojipinda ndani ya ubongo, moja kila upande, inayohusika na kumbukumbu na kutambua njia. Chombo chake kikuu kilikuwa mashine ya MRI, ambayo kwa kweli ni sumaku yenye nguvu sana. Hidrojeni iliyomo katika maji ya mwili huitikia sumaku hiyo na mawimbi ya redio, na kompyuta hugeuza mwitikio huo kuwa picha. Kwa kuwa haitumii eksirei, mtu mwenye afya anaweza kupigwa picha leo na kurudi baada ya miaka kadhaa. Bila nafasi hiyo ya kurudia, swali la Maguire lisingejibika.

Anayetaka leseni ya teksi nyeusi za London hana budi kukariri mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya kilomita 10 hivi kutoka Charing Cross. Maandalizi huchukua miaka mitatu au minne, na wengi hushindwa. Mwaka 2000 Maguire na wenzake walichapisha picha za madereva 16 wa aina hiyo. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wa kawaida, na upande wa kulia ilizidi kadiri dereva alivyokuwa na miaka mingi kazini.

Habari hiyo ilienea haraka, na mwaka 2003 ikapewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Lakini haikuwa imethibitisha kila kilichosemwa juu yake. Huenda watu waliozaliwa na hipokampasi ya namna hiyo ndio wanaoiweza kazi yenyewe. Au huenda sababu ni kuendesha gari kutwa nzima katika msongamano. Hoja hii ya pili ilipimwa mwaka 2006 kwa kuwalinganisha madereva wa teksi na wa mabasi, ambao hukaa katika msongamano uleule ila hufuata njia moja kila siku. Wa mabasi hawakuwa na tofauti ile. Wa teksi, kwa upande wao, walikuwa dhaifu zaidi katika kukumbuka michoro mipya, jambo ambalo magazeti hulisahau mara nyingi.

Hoja ya kwanza ilihitaji subira. Maguire na Katherine Woollett waliwapiga picha wanafunzi 79 wa udereva mwanzoni mwa masomo, wakawapiga tena wengi wao baada ya miaka mitatu hadi minne. Mwanzoni hapakuwa na tofauti. Mwishoni hipokampasi ilikuwa imeongezeka kwa waliofaulu tu, ambao walikuwa 39. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, yaani miaka 11 baada ya utafiti uliompa sifa. Maguire mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikuwa mtu wa kupotea njia ovyo.

Ualimu

Katika vyuo vikuu kama UCL, profesa hufundisha zaidi kwa kumsimamia mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka kadhaa, hata utafiti wa mmoja usitenganike na wa mwingine. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Demis Hassabis. Mwaka 2007 walionyesha pamoja kwamba wagonjwa walioharibika hipokampasi, mbali na kusahau yaliyopita, hushindwa kuwaza jambo jipya: wakiambiwa wajione wamelala ufukweni, hupata vipande vipande bila mandhari kamili.

Hassabis alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya akili bandia ya DeepMind mwaka 2010. Alikabidhiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia Desemba 2024, chini ya mwezi mmoja kabla ya Maguire kufariki akiwa na umri wa miaka 54.