Sonona darasani: mtoto 'mtukutu' huenda ni mgonjwa

Mwanafunzi wa darasa la sita, hodari wa hesabu, anaanza kuleta daftari tupu. Leo analalamika kichwa, kesho tumbo. Zahanati wanampima malaria, hana. Wenzake wakicheza mpira yeye amejikunyata barazani, na akiguswa kidogo anarusha ngumi. Ofisini kwa walimu keshaitwa mtukutu.

Huenda ana sonona. Kwa mtoto ugonjwa huu mara nyingi huja na hasira za karibu, maumivu yasiyo na chanzo, usingizi darasani na alama zinazoporomoka, hata asipoonekana kulia. Dalili zikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huko si kununa tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Mwalimu hatakiwi kutibu. Ila ndiye anayekaa na mtoto mchana kutwa, hivyo mabadiliko anaweza kuyaona mapema. La kwanza ni kuweka fimbo chini: mtoto huyu tayari anaamini hafai, na viboko vinamthibitishia.

Mwite faragha, umweleze ulichokiona: "Siku hizi huchezi na wenzako, na daftari halina kitu. Kuna nini, mwanangu?" Kisha nyamaza usikilize. Akijibu "hakuna kitu, mwalimu," mwambie utamuuliza tena Ijumaa, na Ijumaa umuulize kweli. Kazi ya maswali kumi mpunguzie, aanze na matatu.

Ukihisi anatamani kufa, muulize waziwazi. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwahidi kuficha siri, usimwache peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mzazi aitwe, ila kama nyumbani ndiko anakoumizwa, aitwe afisa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Msaada wa shuleni una matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya, ulionyesha kuwa vikao 4 vya programu ya Shamiri vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Walioviendesha ni vijana waliotoka sekondari karibuni, wakapewa mafunzo mafupi. Mwalimu wa unasihi naye anaweza, ila mara nyingi kazi hiyo hutupiwa mtu mwenye vipindi tele na asiye na pa kukaa na mtoto. Wakuu wa shule wanaopanga ratiba ya muhula ujao wampunguzie vipindi, na wampe chumba chenye mlango.