Idi, Watoto na Msongamano wa Watu

Kila Idi ikaribiapo, watoto wa chuoni kwetu huku Ikinga huacha kutuuliza habari za tajwidi, wakatuuliza habari za mabembea ya mjini. Hatuwalaumu. Furaha ya Idi ina asili katika dini yetu, na mtoto wa Ileje ana haki ya kupanda bembea kama mtoto wa Dar es Salaam. Tulitakalo kulisema leo ni saa ya kwenda.

Wengi wetu humpa mtoto fedha baada ya chakula cha mchana, naye akafuatana na wenziwe hadi kiwanjani alasiri, saa ile ile ambayo mji mzima nao umekwenda. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulifanya kosa hilo. Tulichukua vijana 22, na ilipoingia magharibi mmoja wao, mtoto wa miaka saba, hakuonekana. Tulimpata baada ya Isha, amelala juu ya mkeka wa mama muuza maandazi. Mama yule, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakukubali kumtoa ila baada ya kutuhoji sana.

Wazee wa Tabora hawakujaliwa hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2008, katika sherehe za Idi el-Fitri, watoto walijazana katika ukumbi wa starehe kupita kiasi chake. Hewa ikawapungukia, na watoto wapatao 20 wakafa. Walikuwa wametoka majumbani mwao na nguo mpya.

Asidhani mtu kwamba kukwepa msongamano ni woga. Katika Hija ya Mtume S.A.W., Bibi Sauda, aliyekuwa mzito wa mwendo, aliomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku kabla watu hawajasongamana, naye Mtume akamruhusu. Bibi Aisha baadaye alitamani lau naye angeliomba. Basi ikiwa katika ibada dhaifu hutangulizwa, je, katika mabembea? Hata huko Mina, baada ya mahujaji zaidi ya 300 kufa penye Jamarati mwezi Januari 2006, daraja la zamani lilibomolewa, likajengwa lenye ghorofa, na makundi yakawa yapangiwa saa zao.

Nasi tupange. Serikali yetu hutoa siku mbili za mapumziko kwa Idi el-Fitri. Siku ya kwanza na iwe ya jamaa na majirani. Asubuhi ya siku ya pili, mapema, ndiyo ya watoto kwenda kiwanjani, warejee kabla ya adhuhuri. Tuulize pia kama siku hiyo pana mpira au mkutano wa hadhara karibu. Vivyo hivyo maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya: watu hufurika tarehe 8 Agosti yenyewe, na atakaye mwanawe aone mifugo na mitambo kwa nafasi aende siku za mwanzo. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo sikukuu hizi huweza kukutana, kama zilivyokutana katika juma moja mwaka 2013.

Kila mtoto awe na mkubwa wake, na mahali pa kukutania pawe mlango wa msikiti. Namba ya simu ya mzazi iandikwe karatasini, itiwe mfukoni mwa kanzu, kwani mtoto aliaye hawezi kuitaja.