Kazi ya Mchoraji: Tuliyoyaona Visiga

Ndugu wasomaji, katika miji yetu ya Pwani ziko kazi ambazo kila mtu huziita kazi, na ziko nyingine ambazo watu huziita mchezo mpaka siku waione fedha yake. Mkulima akipita na jembe begani, hapana amwulizaye aendako. Mwashi, mshonaji na mvuvi, wote hao wajulikana. Lakini kijana aketiye uani mchana kutwa na brashi mkononi, watu humpita wakitikisa vichwa. Nasi tulikuwa miongoni mwa watikisao vichwa. Twaandika maneno haya kwa kuwa tulikosea, na kosa likisemwa huenda likamfaa mwingine.

Sisi twasomesha watoto Visiga, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, baada ya Kibaha na kabla ya kufika Mlandizi. Mwaka jana, mwezi wa Machi, mama mmoja jirani yetu alitujia baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na ukili mkononi, akisuka huku akisema, kama ilivyo desturi ya mama zetu. Alisema, "Maalim, yule mwanao hana kazi. Ana mke na watoto wawili, na nyumba ameijaza vitambaa vya rangi. Shamba haendi, usiku halali. Nakuomba uje umwambie, maana wewe ndiye uliyemfundisha."

Neno lile la mwisho lilituchoma. Tulimkumbuka sana kijana huyo. Alipokuwa na umri wa miaka 10, alichora jogoo juu ya ubao wake, chini ya herufi tulizomwandikia. Lilikuwa jogoo zuri, hata wenziwe wakamzunguka kulitazama. Sisi tulilifuta, tukamchapa mbele yao, na tukamwambia kwamba mkono ule hautafanya la maana duniani. Hakurudi madrasa karibu mwaka mzima.

Basi asubuhi ya pili tulikwenda, na mawaidha yetu tulikwisha kuyatunga njiani.

Tulimkuta uani, nayo ilikuwa saa 1 tu. Alikuwa ameanza kazi tangu alipotoka kusali alfajiri, kwani saa hizo hapana upepo, na vumbi la barabarani halijaamka. Alisimama, akatuamkia, akatuletea kiti. Kisha akasema kwa adabu, "Maalim, nisamehe, nimalize sehemu hii. Rangi ikikauka nusu, haitaungana na nyingine." Tukaketi tukatazama. Tulikuja kusema, ikawa kazi yetu siku ile ni kutazama.

Kazi yake huanza mbali kabla ya brashi. Hununua kitambaa cha pamba, ile marekani tuijuayo sote, akakikata na kukivuta juu ya fremu ya mbao kwa misumari midogo mpaka kikalia kama ngoma. Hukipaka rangi nyeupe, akakingoja kikauke, akakisugua, kisha akakipaka tena. Ndipo hutia rangi ya nyuma, mathalan ya mbingu wakati wa magharibi, akianza na nyekundu chini na kuipandisha polepole mpaka iwe manjano. Hapo hungoja tena. Picha yenyewe huja mwisho, na mistari midogo huja mwisho wa mwisho. Rangi azitumiazo ni za mafuta zenye kung'aa, nazo hazina haraka. Kila rangi lazima ikauke kabla haijapandiwa na nyingine.

Tulimwuliza kwa nini basi halali usiku. Akatuonyesha kalenda ukutani. Maonyesho ya Biashara ya Sabasaba, yafanywayo katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, kwa kawaida huanza tarehe 28 Juni na kumalizika 13 Julai. Yeye na wenzake wanne walikuwa wakichanga fedha wapate meza moja huko. Alikusudia kupeleka picha 20. Ukihesabu kutoka Juni kurudi nyuma, miezi ya kufanyia kazi ni Machi, Aprili na Mei, na hiyo ndiyo miezi ya masika. Hewa huwa na maji, na picha ambayo wakati wa kiangazi hukauka kwa siku mbili huchukua juma zima. Usiku huamka kutazama kama bati halivuji juu ya vitambaa, akazihamisha picha kutoka ukuta huu hadi ule. Kumbe hakuwa mzururaji wa usiku. Alikuwa mlinzi wa mali yake.

Akatueleza na hasara aliyoipata mwaka uliotangulia. Picha hupelekwa mjini zikiwa zimetolewa katika fremu na kuviringishwa, kwani basi halina nafasi ya fremu 20. Mwaka ule alizikunja rangi haijakomaa ndani, ijapokuwa juu ilionekana kavu. Alipozifungua Dar es Salaam, nne zilikuwa zimegandana, na kazi ya mwezi ikawa takataka. Tangu hapo hakunji picha yoyote kabla ya juma tatu kupita. Tukasema moyoni kwamba huu ndio ule mwendo wa pole tuwahimizao watoto kila siku, nao tuliukuta kwa mtu tuliyekuja kumkemea.

Alikuwa na daftari pia. Aliandika humo bei ya kitambaa, mbao, misumari, rangi, nauli na mchango wa meza, na kila picha na siku ilizochukua. Rangi nyingine alikuwa amekopa dukani, na deni lile aliliandika ukurasa wa kwanza ili alione kila afunguapo. Kutokana na hesabu hiyo hujua bei ya chini kabisa ya kila picha, wala hana haja ya kumwapia mnunuzi. Wafanyao biashara kwa viapo wangefaa kuliona daftari lile.

Tulimwuliza, "Lakini si wahenga walisema chema chajiuza?" Akacheka kidogo, akajibu, "Naam Maalim, chajiuza. Ila kwanza lazima kitoke ndani."

Kazi hii aliifunza Oysterbay, kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, nasi tulidhani jina hilo ni la mashine ya barabara tu. Akatueleza kwamba ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akafanya vibarua vya namna nyingi. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora juu ya vipande vya ubao mwembamba vya mraba, vyenye upana wa sentimita 60 hivi, kwa rangi za namna ile ipakwayo baiskeli. Picha ziliuzwa kando ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, na wageni wakazipenda. Aliwafundisha jamaa na watu wa kwao. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine, akafa akiwa na umri wa miaka 40. Wanafunzi wake waliishika kazi, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao rasmi. Leo picha za mtindo huo zajulikana Ulaya, Marekani na Japani. Mtu mmoja alichora kwa miaka minne tu, na maelfu ya watu wamekula kwa kazi ile.

Hayo yote yalitufurahisha. Lakini kijana aliweka brashi chini, akatuuliza neno lililotunyamazisha. "Maalim, katika hizi 20, nimekusudia 12 ziwe za wanyama, na nne nimekwisha kuzimaliza. Wageni hutaka tembo na twiga. Wewe wasemaje?"

Tulitazama zile nne zilizoegemezwa ukutani. Miaka mingi iliyopita tulijibu swali hilo kwa fimbo. Safari hii tulimwomba siku mbili, tukaenda kutazama vitabu.

Tuliporudi tulimweleza habari iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kwamba riziki yake yatoka katika kazi ya mikono yake, nayo ni kufanya sura. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya onyo kubwa kwa mwenye kufanya sura ya chenye roho. Yule mtu akashikwa na hofu, uso ukambadilika. Ibn Abbas hakumfukuza, wala hakumwambia aache kazi na kukaa bure. Alimwonyesha mlango mwingine, kwamba ikiwa hana budi, na achore miti na kila kisicho na roho.

Tulimweleza pia kwamba wanazuoni hawakusema neno moja katika jambo hili. Wako wakatazao kila sura ya kiumbe chenye roho, na wako watofautishao sanamu yenye kivuli na mchoro wa bapa. Sisi tulisema tuliloliona ni salama zaidi, na tukamwachia yeye achague. Tukamkumbusha kwamba mlango ule wa Ibn Abbas si mdogo. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mko maandishi ya kuchongwa ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na uzuri wake wawashangaza watu hata leo. Milango ya Bagamoyo na Unguja imejaa maua na minyororo iliyochongwa. Mababu zetu hawakukosa la kuchora.

Mke wake alikuwa akipepeta mchele karibu nasi. Hakuinua macho, ila aliuliza, "Na wageni wasipotaka miti, Maalim, sisi tutakula nini?"

Hatukuwa na jibu. Ndugu wasomaji, ni rahisi mwalimu kutoa neno. Lakini likileta njaa, njaa hiyo huingia nyumba ya mwingine. Tulirudi kwetu mioyo ikiwa mizito.

Kijana alichagua. Zile nne alizigeuza ukutani, na nane zilizosalia katika hesabu ya wanyama akazibadili. Tulipopita Aprili na Mei tuliona mbuyu, mikorosho ya kwetu, mashua za Bagamoyo na milango ya kale. Mama yake aliendelea kunung'unika, mpaka siku moja kijana alipoketi karibu naye, akauchukua mkeka aliokuwa akiusuka, akahesabu rangi za chane: nyekundu, zambarau na kijani. Akamwuliza, "Mama, nani alikufundisha kuzipanga hivi?" Mama akasema, "Bibi yako." Kijana akamwambia, "Basi nami nimerithi." Mama akanyamaza, na tangu siku ile hatukumsikia tena akisema kwamba mwanawe hana kazi. Naye kijana akachora picha moja kwa mpango wa rangi za mkeka ule.

Mwezi wa Julai tulikwenda wenyewe Sabasaba. Basi lilipopita kituo kile cha Kibaha kiitwacho Picha ya Ndege tulitabasamu, kwani miaka yote tulilipita jina hilo bila kulifikiri. Tulimkuta amesimama nyuma ya meza tangu asubuhi. Wenzake walipokezana, wawili wakienda kusali na watatu wakibaki. Watu wengi waliuliza tembo, wakaambiwa hapana, wakapita. Tuliona tabu yake, nasi tulijua tabu ile imetoka kwa nani.

Alasiri walikuja mume na mke wa Temeke pamoja na watoto wao. Walitazama meza nyingi, kisha wakasimama mbele ya picha ya mlango. Mke akauliza kama ziko nyingine zisizo na viumbe, kwani chumba chao cha wageni ndicho wanachosalia, na muda mrefu wametafuta pambo la kutundika humo. Wakanunua mbili, ule mlango na ile ya rangi za mkeka.

Hatusemi kwamba alitajirika. Picha alizoweza kupeleka zilikuwa 15, nazo sita tu ziliuzwa. Fedha yake ilikuwa pungufu kuliko ile ya mwaka wa tembo, lakini ililipa deni la rangi, ikarudisha mchango wa meza, na kitu kikabaki cha nyumbani. Zile tisa alizirudisha Visiga, akazitundika mbali na jua zingoje maonyesho mengine. Siku ya tatu baada ya kurudi tulimkuta tena uani, saa 1 asubuhi, akivuta marekani juu ya fremu.

Enyi wazazi, mwana akishika kazi msiyoijua, msimhukumu kwa maneno ya barazani. Nendeni mkaketi naye siku moja, tangu alfajiri mpaka magharibi. Tazameni kama ana mpango, kama alipa madeni, kama asali, kama asema kweli kwa mnunuzi. Mkiyakuta hayo, mmekuta kazi. Likiwemo katika kazi hiyo jambo la kuulizwa katika dini, ulizeni wajuao, kisha mwonyesheni mlango ulio wazi kabla hamjamfungia ule mwingine. Nanyi vijana, msidhani kwamba mkono mwepesi watosha. Maonyesho ni siku 16. Maandalizi yake ni miezi ya mvua.

Nasi tulikuwa na deni letu. Baada ya Sabasaba tulimwita kijana madrasa, tukampa ubao mkubwa, tukamwomba awaandikie watoto herufi zote, kuanzia alifu mpaka ya. Alizipaka kwa rangi zile zile, akazizungushia maua ya mlangoni. Alikataa malipo, tukamlazimisha, tukamlipa kama tumlipavyo mwashi. Alipokuwa akiondoka tulimwomba radhi mbele ya wanafunzi kwa habari ya lile jogoo. Akasema amekwisha kusahau. Hatukumsadiki, lakini tulimshukuru.