Bamia Haifiki Gotini

"Daktari, ute wa magoti umeisha. Nile nini urudi, ndipo nianze mazoezi?" Akina mama waliokoma hedhi wameniuliza swali hili mpaka siku hizi nalijibu kabla mgonjwa hajakaa. (Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila nimechoka kusahihisha.) Ute haujaisha. Bamia kula, ni mboga nzuri. Kongoro kula, kama meno yapo. Goti lako halitapata habari.

Nikae kwenye bamia kidogo, maana imesifiwa kupita kiasi. Ule utelezi wake ni aina ya wanga ambao matumbo yetu hayawezi kuumeng'enya. Bakteria wa utumbo mpana huuchachusha, unaosalia unaishia chooni. Hauna njia ya kufika gotini. Ute wa goti hutengenezwa hapohapo, na utando unaolizunguka kwa ndani. Tena goti lililosagika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, na ndiyo yanayolivimbisha. Sasa mtu ana goti limejaa maji, analoweka bamia usiku kucha, anakunywa alfajiri ili aongeze!

Kongoro na unga wa kolajeni ni yaleyale. Kolajeni ni protini, na tumbo huikatakata kama linavyokata ya maharage. Vipande vinatumika mwili unakotaka, si unakotaka wewe. Vidonge vya glukosamini, vile vinavyokausha pochi, vilipimwa Marekani katika utafiti uitwao GAIT, matokeo yakatoka 2006. Wagonjwa 1,583 wa magoti walifuatiliwa kwa wiki 24, na kwa jumla glukosamini na mwenzake kondroitini hazikuvishinda vidonge bandia visivyo na dawa. Waliomeza hivyo vidonge bandia, asilimia 60 walipata nafuu ya angalau moja ya tano ya maumivu yao. Ndiyo maana "jirani yangu alikunywa akapona" hainishtui. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na sifa huchukuliwa na chochote kilichokuwa mezani wiki hiyo.

Kirutubisho kinachotuliza goti ndani ya siku tatu ndicho cha kuogopa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu juu ya Artri King, kirutubisho cha viungo: maabara ilikuta ndani yake dawa za diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Deksamethasoni ikitumika kwa muda mrefu hula mifupa. Mwanamke ambaye homoni yake ya estrojeni imeshashuka, mfupa unapungua wenyewe, anauziwa kitu cha kuumaliza kwa jina la kuujenga.

Nikimwomba mama asimame kutoka kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, huinama mbele, huinuka kidogo, hurudi kwa kishindo, kisha mkono unatafuta meza. Yeye anashika goti; mimi natazama paja. Juu ya goti, upande wa ndani, msuli umenywea. Huo ndio unaolibeba goti, na ndio tunaoweza kuurudisha. Na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ya goti, halina mishipa ya damu: hupata chakula linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea. Anayekaa kitako "ute usiishe" analishindisha njaa.

Wengine hukosea kwa upande wa pili: nameza kalisiamu, mazoezi ya nini? Mwaka huohuo wa 2006 yalitoka matokeo ya wanawake 36,282 wa Marekani, nusu yao wakipewa kalisiamu miligramu 1,000 na vitamini D yuniti 400 kila siku kwa takriban miaka saba. Kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17. Australia nako, utafiti wa LIFTMOR uliochapishwa 2018 uliwanyanyulisha vyuma vizito wanawake waliokoma hedhi, dakika 30 mara mbili kwa wiki, miezi minane, chini ya msimamizi. Msongamano wa mifupa ya mgongo wa kiunoni uliongezeka kwa asilimia 2.9, wenzao wa mazoezi mepesi nyumbani walipoteza 1.2.

Haya, harakaharaka. Simama na kukaa mara kumi bila mikono, raundi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki; ikiwa rahisi, kumbatia dumu la maji la lita tano, kisha la lita kumi. Panda ngazi. Sukuma ukuta. Simama mguu mmoja karibu na sinki. Maumivu yanayotulia kesho yake yasikutishe. Kula dagaa mzima, mtindi, mayai, maharage. Ukishapita 50 unahitaji kalisiamu kama miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikiwemo; kidonge kijaze pengo tu, kisizidi 500 kwa mara moja, na kikae mbali na dawa ya tezi ya shingo au antibayotiki ya sipro. Vitamini D ni kwa anayeshinda ndani au anayejifunika mwili mzima, akipimwa kwanza. Mwenye historia ya mawe ya figo aulize kabla ya kumeza. Aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu asinyanyue kitu kabla hajaonwa. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto, ukawa na homa, usije kwangu: nenda hospitali siku hiyohiyo.