Jino Bovu Halitibiwi kwa Maziwa ya Mgando



Siku hizi tunasikia kwamba vijidudu vyema vilivyomo katika maziwa ya mgando, viitwavyo probayotiki, vinatibu meno mabovu. Sisi tunaopakua malori pale Kobero, mpakani na Tanzania, na wenzetu wa mashamba ya kahawa ya Muyinga, tuelewe ukweli.

Jino huozaje? Mdomoni mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hula ganda gumu la jino mpaka likatoboka. Kila tukionja kitu kitamu, asidi huja upya. Ndiyo maana soda inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima hudhuru zaidi.

Katika baadhi ya majaribio, probayotiki zimepunguza vijidudu vibaya. Lakini haziwezi kuziba tundu. Maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari ni chakula bora. Tuyanywe kama chakula, si kama dawa.

Kinga ya kweli ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Doa jeupe la mwanzo laweza kupona kwa floraidi. Tundu lataka mganga wa meno.

Tusingoje shavu livimbe, kwani usaha ukienea mwilini waweza kuua. Basi tudai kazini maji safi ya kunywa, na ruhusa ya kwenda kutibiwa bila kukatwa mshahara.