"Mashujaa" na "Shujaaz": Neno Moja katika Bango la Tamasha

Bango la tamasha la muziki huvuta macho kwanza kwa picha na rangi, na maneno yake hudhaniwa kuwa ni maelezo tu. Mabango yaliyosambazwa katika simu kutangaza tamasha la tarehe 7 Julai 2024, katika bustani ya Uhuru, Nairobi, yanatupa mfano ulio kinyume. Ishara yake kubwa ya kisiasa ilikuwa neno: Shujaaz.

Tamasha hilo liliwakumbuka waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Usiku wa 25 Juni, Rais William Ruto alikuwa amesema kwamba maandamano yametekwa na wahalifu. Basi marehemu hao waitwe nani?

Wingi wa shujaa, kwa sarufi tuifundishayo, ni mashujaa. Lakini wingi huo una mwenyewe. Katiba ya 2010 iliipa tarehe 20 Oktoba jina la Siku ya Mashujaa, na sheria ya 2014 ikaweka utaratibu wa kuwateua wanaostahili kuitwa hivyo. Sisi wa Kakamega tuliiona siku hiyo kwa macho yetu mwaka 2018, sherehe za kitaifa zilipofanyika katika uwanja wa Bukhungu.

Umbo shujaaz halikuzuliwa na maandamano. Vijana walilizoea tangu 2010 katika kijarida cha katuni chenye jina hilo, kilichoandikwa kwa Sheng. Kiambishi ma- kimeachwa, na mahali pake pamekuja -z ya Kiingereza mwishoni. Hata hivyo upatanisho haukuguswa, kwani husemwa "shujaaz wetu" kama vile "mashujaa wetu". Mwalimu akilikuta katika insha atalipiga mstari mwekundu, na sioni kosa lake. Lakini katika bango, mashujaa lingesomeka kama ombi kwa dola iwatambue wafu, shujaaz haliombi.

Tarehe nayo haikuhitaji maelezo. Kwa Mtanzania, Saba Saba ni kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na siku hizi ni maonyesho ya biashara. Kwa Mkenya ni Kamukunji, 1990: mkutano wa kudai vyama vingi uliopigwa marufuku, na watu wakaenda.