Mkimbiaji na Kano ya Kisigino

Katika maradhi yote yampatayo mkimbiaji, ni machache yenye inda kama haya ya kano ya kisigino. Kwa maana hayamlazi mtu kitandani, wala hayamtii homa, wala hayana jeraha la kumwonyesha jirani ili apate kuhurumiwa, bali humvizia alfajiri, mara akanyagapo sakafu baada ya usingizi, yakamfanya ashuke ngazi kwa kushika ukuta, daraja moja moja, ilhali jana yake alikimbia maili sita na kurudi nyumbani kwa furaha. Akisha kutembea kwa muda wa robo saa, ugumu ule hulegea. Akivaa viatu na kutoka kukimbia, maumivu humchoma mwanzoni, kisha hujificha. Naye hudhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi hurejea, na riba juu. Hivyo ndivyo majuma yanavyogeuka miezi, na mtu aliyezoea kuutawala mwili wake akajiona ametawaliwa na kipande kisichozidi upana wa vidole viwili.

Kano hii, ambayo matabibu wa Ulaya waliipa jina la Achilles, shujaa wa ngano za Wayunani, ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili wa binadamu. Hukusanya nguvu za misuli ya shavu la mguu, ikashuka kwa urefu wa takriban sentimita 15, kisha ikajishikiza nyuma ya mfupa wa kisigino. Mtu akimbiapo, kila wayo unapoisukuma ardhi, kano hubeba mzigo unaokadiriwa kuwa mara sita hadi nane ya uzito wa mwili mzima. Yaani kwa mtu wa kilo 70, ni karibu nusu tani, tena si mara moja, bali mamia ya mara katika kila kilomita. Walakini sehemu yake ya kati, tangu sentimita mbili hadi sita juu ya kisigino, hupata damu haba, na hapo ndipo aghalabu maumivu yanapoanzia na uvimbe unapoonekana.

Zamani iliaminiwa kwamba kano iumayo imewaka kwa uvimbe wa moto, na kwa sababu hiyo wagonjwa wakapewa barafu, vidonge vya kutuliza na amri ya kulala. Wataalamu walipoitazama kano iliyougua muda mrefu kwa darubini, hawakuona dalili nyingi za moto huo. Waliona nyuzi zilizovurugika. Kano yenye siha ni mithili ya kamba ya usumba iliyosokotwa vema, kila uzi umelala sambamba na mwenziwe. Kano mgonjwa ni kamba iliyochakaa katikati, nyuzi zimefumka na kwenda kombo, maji yamejipenyeza baina yake, nayo imenenepa bila ya kuongezeka nguvu.

Na kamba hiyo haisokotwi upya kwa urahisi. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa ajabu, ambamo walipima ndani ya kano za watu kaboni iliyotawanyika angani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakabaini kwamba kiini cha kano hii hujengwa katika miaka 17 hivi ya mwanzo wa maisha, na baada ya hapo hakifanywi upya ila kwa uchache mno. Basi kupona hapa hakuna maana ya sehemu iliyoharibika kurudia ujana wake. Maana yake ni sehemu nzima iliyoizunguka kupata nguvu hata iweze kuubeba mzigo wote. Ndiyo sababu picha ya kano yaweza kuonyesha ila ile ile hata baada ya mwenyewe kurejea mbioni bila ya maumivu, na ndiyo sababu mgonjwa hapaswi kuvunjika moyo kwa picha.

Sababu ya maradhi aghalabu ni pupa: mtu huongeza masafa, kasi na vilima katika majuma machache, au huanza kukimbia kwa mwendo wa ujana baada ya kukaa miaka. Umri wa makamo, uzito mwingi na kisukari huongeza hatari. Kadhalika ziko dawa za kuua vijidudu za jamii ya siprofloksasini, zinazouzwa katika maduka ya dawa mengi ya Afrika Mashariki kwa homa ya matumbo na maradhi ya njia ya mkojo, ambazo zimethibitika kuidhuru kano kwa baadhi ya watu, hasa wazee na watumiao dawa za steroidi. Na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru ziandikiwe onyo kali juu ya jambo hilo. Mkimbiaji aandikiwapo dawa hizo, na amweleze tabibu khabari ya kano yake.

Tiba iliyo karibu na mawazo ya kila mtu ni kupumzika kabisa, na kwa kano hii ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mgonjwa hukaa miezi miwili, maumivu yakapoa, akatoka tena. Na katika juma la kwanza la mbio akayakuta palepale alipoyaacha, kwa sababu kano isiyobebeshwa kitu huzidi kudhoofika. Sindano ya steroidi nayo hutuliza kwa muda, lakini huiweka kano katika hatari ya kukatika. Kuchua kwa mafuta kwaweza kumpa mtu faraja, bali hakujengi nyuzi.

Aliyegeuza mambo ni tabibu wa upasuaji wa Uswidi, Håkan Alfredson, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji mwenye kano mbovu. Amesimulia kwamba aliomba apasuliwe, mkubwa wake wa kazi akamkatalia. Ndipo akaazimia kuitesa kano yake kwa mazoezi mazito hata ikatike, ili wasiwe na budi kumpasua. Kano haikukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliokuwa wakingojea kupasuliwa, na wote walirejea mbioni baada ya majuma 12. Tafiti za baadaye hazikupata matokeo mema kiasi hicho kwa kila mgonjwa, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa: wahenga waliosema dawa ya moto ni moto walikuwa wamelenga, ila moto huu hupimwa.

Zoezi lenyewe halihitaji chombo. Mgonjwa husimama ukingoni mwa daraja la ngazi kwa ncha za nyayo, visigino vikining'inia, mkono mmoja ukutani. Hujiinua kwa mguu mzima, huhamishia uzito wote kwenye mguu mgonjwa, kisha hukishusha kisigino polepole hata kipite chini ya usawa wa daraja. Hufanya hivyo mara 15 kwa mikupuo mitatu goti likiwa limenyooka, na mikupuo mitatu mingine goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Maumivu ya wastani hayamzuii. Yakiisha, hujitwika mkoba wenye vitabu au mchanga ili mzigo uongezeke. Ambaye maumivu yake yako mahali kano inaposhikana na mfupa, na si juu yake, afanye zoezi hilo sakafuni bila ya kukizamisha kisigino, kwani kuzamisha huko huibana kano zaidi. Wako pia wataalamu wapendeleao mizigo mizito na mwendo wa taratibu, mara tatu tu kwa juma; matokeo yamekaribiana, na wenye shughuli nyingi huliona hilo jepesi kulishika.

Je, aache mbio? Si lazima. Mtafiti Karin Grävare Silbernagel na wenzake walichapisha mwaka 2007 kwamba wagonjwa walioendelea kukimbia huku wakifanya mazoezi ya kuibebesha kano mzigo hawakupata hasara zaidi kuliko walioacha kwa majuma sita, maadamu walishika sharti: maumivu yasizidi tano katika kipimo cha sifuri hadi kumi, yawe yamepoa kufikia asubuhi inayofuata, na ugumu wa alfajiri usizidi juma kwa juma. Kwa hiyo hakimu wa mbio za leo ni asubuhi ya kesho. Mwenye busara huanza kwa kuchanganya kukimbia na kutembea, huacha siku moja au mbili baina ya mbio, huepuka vilima, na huepuka pia mchanga laini wa ufukweni, ambao wengi huudhania rehema, kumbe hukizamisha kisigino na kuizidishia kano mvuto.

Hata mabingwa hawakusamehewa. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikwenda kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na kano inayouma, akampita Paul Tergat wa Kenya katika mita 10,000 kwa sehemu tisa tu za mia za sekunde. Baadaye akapasuliwa, akapata shaba katika mashindano ya dunia ya Edmonton mwaka 2001, na katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004 kano ikamsumbua tena akawa wa tano. Walakini mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 35, alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:03:59, binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili na dakika nne.

Liko jambo moja lisilongoja subira. Mtu akisikia mlio nyuma ya mguu, akahisi kama aliyepigwa teke ilhali hakuna mtu nyuma yake, kisha asiweze kujiinua kwa vidole, na aende hospitali siku ile ile. Tabibu atamlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, na kulibinya shavu la mguu: wayo ukitikisika kwenda chini, kano ingali imeshikana; ukitulia, yamkini imekatika.

Kwa wengine wote dawa ni kazi ya miezi, na hatari kubwa huja maumivu yanapokwisha, kwani maumivu huondoka kabla ya udhaifu. Mwenye kutaka yakini na asimame kwa mguu mmoja, ahesabu ni mara ngapi aweza kukiinua kisigino hata achoke, kisha ahesabu kwa mguu wa pili; na maadamu hesabu mbili hizo hazijalingana, mazoezi yaendelee, hata kama amekwisha kusahau upande upi ndio uliokuwa ukiuma.